Nunua ndogo, noa mara nyingi: mwongozo wa msumeno wa mnyororo wa nyumbani na shambani

Huku Njombe, kati ya Desemba na Aprili, hakuna mwezi unaopita bila mlingoti (mkaratusi) wa mtu kulalia uzio wa jirani. Zamani ulimwita kijana mwenye cheni soo, ukamngoja siku tatu, akaja na limashine la kupasulia mbao, akakata kwa dakika kumi na kuondoka na hela pamoja na gogo zuri kuliko yote. Ndiyo maana watu wenye ekari mbili tatu za misindano (paini), au mistari michache ya miparachichi inayotaka kupunguzwa matawi, wameanza kununua za kwao. Wakenya huiita pawa soo, vitabuni ni msumeno wa mnyororo. Hapa nitaiita mashine tu.

Ya kwanza kununua nilifuata ukubwa wa injini. Kila ilipokwama kwenye gogo nilisema haina nguvu, nikaanza kuuliza bei ya kubwa zaidi. Siku moja mzee mmoja mpasua mbao akapitisha kidole gumba juu ya meno ya mnyororo wangu, taratibu, akacheka. "Mwanangu, hii unakata au unasugua?" Alichukua tupa, akakaa nayo robo saa, na mashine ileile ikapita kwenye gogo kama kisu kwenye papai. Tangu hapo ushauri wangu kwa anayeniuliza haubadiliki: hela unayotaka kuongeza kwenye injini, nunulia tupa na mnyororo wa akiba.

Hatua ya 1: Pima kazi, kisha chagua

Ukubwa wa injini hupimwa kwa cc, na urefu wa baa kwa sentimita au inchi. (Baa ni lile bao la chuma ambalo mnyororo huzungukia, si ile ya bia.) Kwa matawi, kuni na miti ya unene wa paja, mashine ya cc 30 hadi 35 yenye baa ya sentimita 30 au 35 inatosha kabisa. Mfano wake ni Stihl MS 170, yenye cc 30.1. Kama una shamba la miti na utaangusha misindano iliyokomaa mara kwa mara, panda hadi cc 40 au 50 na baa ya sentimita 40. Stihl MS 250, cc 45.4, iko hapo. Kuanzia cc 70 kwenda juu, kama MS 381, au ile MS 070 ya zaidi ya cc 100 ambayo wapasuaji huipenda, ni za watu wanaokula kwa mashine. Uzito wake peke yake utakuchosha kabla ya saa nne asubuhi, na mkono uliochoka ndio unaoteleza.

Baa ndefu isikutamanishe. Inataka nguvu zaidi, meno mengi zaidi ya kunoa, na ncha yake inakuwa mbali na macho yako. Ya sentimita 35 inakata gogo nene kuliko hapo ukizunguka pande zote mbili.

Za umeme wa waya ni nzuri kwa anayekata kuni nyuma ya nyumba na ana soketi karibu. Za betri nazo zimeshakuwa za maana kwa kupogoa: hazina moshi, hazisumbui kuwaka. Ila shambani betri ikiisha imeisha, na betri ya pili bei yake inaweza kukukimbiza.

Zile za bei nafuu zilizoandikwa 5200 au 5800, zinazopatikana kila mji, zinafanya kazi na spea zake zimejaa. Shida yake ni bahati nasibu: boksi moja linatoa mashine ya miaka mitano, la pili linatoa ya miezi mitano. Ukinunua, kaza skrubu zote siku ya kwanza kabla hujaiwasha, kisha rudia baada ya tanki la kwanza, maana mtetemo huzilegeza.

Kabla hujatoa hela, muulize mwenye duka vitu vitatu vya mashine hiyohiyo: mnyororo, spoketi (gurudumu la meno linalozungusha mnyororo) na chujio la hewa. Akikuambia "tutakuagizia", nenda duka lingine. Na kama ni ya chapa inayojulikana na bei iko chini mno, jua rangi na maandishi ni vitu rahisi kuigiza.

Ya mitumba usiinunue kwa kusikia mlio. Fungua eksozi, ni skrubu mbili au tatu, mulika tochi kwenye tundu na tazama ubavu wa pistoni. Ukiona chuma laini kinachong'aa, endelea kuzungumza bei. Ukiona michirizi ya wima kama iliyokwaruzwa na msumari, shukuru na uondoke. Kisha shika kishikio cha kamba ya kuwashia na uiache mashine ining'inie juu ya ardhi kidogo: yenye mgandamizo mzuri ndani ya silinda hubaki juu au hushuka kwa kusitasita, iliyochoka inateremka moja kwa moja.

Jambo la mwisho dukani halipo dukani: pita ofisi ya misitu ya wilaya uulize kuhusu usajili wa mashine na kibali cha kukata, hata kama mti ni wako. Kuuliza ni bure. Kunyang'anywa mashine barabarani si bure.

Hatua ya 2: Mafuta, ambako mashine nyingi hufia

Injini hizi ni za 2T, yaani za mipigo miwili. Haina oili yake ya peke yake kama ya pikipiki kubwa. Inalainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli. Ukiweka petroli tupu itawaka vizuri, tena kwa mlio mkali wa kufurahisha, halafu baada ya dakika chache itazima na kamba haitavutika tena. Yangu ilikufa hivyo. Kijana aliyenisaidia alijaza tanki kutoka dumu la bodaboda, na mimi sikuuliza. Fundi alipoifungua hakusema mengi: "Kaka, hii imekunywa kavu." Silinda na pistoni mpya zilinigharimu karibu nusu ya bei ya mashine.

Kipimo: kwa oili nzuri ya 2T iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hizi, sehemu 1 ya oili kwa 50 za petroli, yaani mililita 100 kwa lita 5. Kwa oili ya 2T ya kawaida isiyo ya mtengenezaji, vitabu vya Stihl husema 1 kwa 25, yaani mililita 200 kwa lita 5. Soma kitabu cha mashine yako, namba yake ndiyo ya kufuata. Usipime kwa kifuniko cha chupa. Nenda duka la dawa za mifugo, nunua bomba la sindano la mililita 20: bomba moja kwa lita moja ni 1 kwa 50 kamili.

Tia nusu ya petroli kwenye dumu, oili yote, tikisa, malizia petroli, tikisa tena. Andika kwenye dumu kwa kalamu nzito: 2T, na tarehe. Mchanganyiko uliopita siku 30 usiutie. Petroli nunua kituoni, maana ile ya chupa ya kando ya barabara hujui imekutana na nini.

Tanki la pili ni la oili ya mnyororo. Hapa wengi hutia oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya gari. Najua ni ya bure. Lakini ina chembe za chuma zinazokula pampu na kuziba tundu lake, na mnyororo unairusha ikuangukie mikononi na usoni siku nzima, nayo ni sumu kwa ngozi. Ukikosa oili maalumu ya mnyororo, tia oili mpya ya injini. Mafuta ya kupikia yanalainisha, ila ukiyaacha ndani miezi miwili yanageuka gundi.

Kuhakikisha oili inatoka: washa, elekeza ncha ya baa kwenye kipande cha boksi jeupe bila kuligusa, vuta moto (bana kifyatuo cha kuongeza kasi). Mstari wa matone ukijichora, sawa. Na kila ukijaza petroli tazama tanki la oili. Mashine imetengenezwa ili petroli iishe kwanza, lakini oili iwe imeshuka pia. Ikiwa bado imejaa, kuna tundu limeziba.

Hatua ya 3: Kukaza mnyororo

Kaza ukiwa umepoa, injini imezimwa. Legeza nati za baa, inua ncha ya baa juu kwa mkono, zungusha skrubu ya kukazia hadi mnyororo ugusane na upande wa chini wa baa, kisha funga nati ukiwa bado umeinua ncha. Sasa vaa glavu, fungua breki ya mnyororo (ile kinga iliyo mbele ya kishikio cha mbele: ukiivuta nyuma inafunguka, ukiisukuma mbele inafunga), uvute mnyororo kwa mkono: uzunguke bila kukwama na bila kuning'inia. Mpya hurefuka haraka, uangalie kila baada ya dakika chache siku ya kwanza.

Ukimaliza kazi, ulegeze kidogo. Chuma cha moto kilichokazwa kikipoa hujibana, na kinachoumia ni beringi za injini.

Ukienda kununua mnyororo mwingine usiseme tu "wa inchi 14". Kuna baa za inchi 14 zinazotaka ndimi 50 na nyingine 52 (ndimi ni vile vijimeno vya chini vinavyoingia kwenye mfereji wa baa). Zihesabu moja moja, kisha soma namba mbili zilizogongwa kwenye baa: ya hatua (nusu ya umbali kati ya riveti tatu zinazofuatana, kwa inchi), kama 3/8 au .325, na ya unene wa ulimi, kama milimita 1.1, 1.3, 1.5 au 1.6. Ukikosea moja kati ya hizo tatu, hautaingia au utachomoka.

Hatua ya 4: Kabla ya kuvuta kamba

Mashine iwe chini, breki imefungwa mbele, mguu wa kulia umekanyaga kishikio cha nyuma, mkono wa kushoto umeshika cha mbele. Kuiwasha ikining'inia mkononi ni madaha ya vijana. Mnyororo ukiwa kasi hukimbia karibu mita 20 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 70 kwa saa, hausubiri upate mhimili.

Teke ndilo la kuogopwa zaidi. Robo ya juu ya ncha ya baa ikigusa mti, baa hurushwa nyuma kuelekea uso wako kabla hujapepesa. Kwa hiyo: ncha usiitumie, kidole gumba cha kushoto kizunguke kishikio, usikate juu ya mabega, na usipande nayo ngazi. Parachichi refu lina msumeno wa mkono wenye mpini mrefu. Vaa miwani, kinga ya masikio (mlio unapita desibeli 100), buti ngumu, na kama unaweza, suruali ya kukatia yenye nyuzi za kukwamisha mnyororo.

Hatua ya 5: Kunoa, kazi yenyewe

Mnyororo mkali hutema maranda, vipande vinene unavyoweza kuvihesabu kiganjani. Mnyororo butu hutoa unga, laini kama sembe. Huna haja ya dalili nyingine. Ukiona unga, au ukajikuta unaisukuma mashine badala ya kuiacha ishuke kwa uzito wake, zima.

Umbo la meno haya lina kisa. Mwaka 1946, huko Oregon, Marekani, mkata miti aitwaye Joseph Cox alikaa akitazama buu la mbawakawa likitafuna kisiki: lilikuwa linakata kushoto, kisha kulia, kisha kushoto. Akatengeneza mnyororo wenye meno ya umbo la ndoano yanayopishana hivyohivyo, akaanza kuuza mwaka 1947. Mnyororo ulio kwenye mashine yako ni mjukuu wa huo. Ndiyo maana meno ya kushoto na kulia lazima yalingane: upande mmoja ukiwa mrefu kuliko mwingine, mkato unapinda na baa inakwama.

Nunua tupa ya duara ya unene sahihi. Kwa mnyororo wa 3/8 ule mdogo, ambao mashine nyingi za nyumbani hutumia, ni milimita 4.0. Kwa .325 ni 4.8. Kwa 3/8 mkubwa ni 5.2 au 5.5 kutegemea mtengenezaji. Tupa haigharimu kitu, na inakufa: ikianza kuteleza juu ya jino bila kung'ata, itupe kweli.

Funga baa kwenye jiriwa. Huna jiriwa? Kata ufa kwenye kisiki, chomeka baa humo na uibane kwa kabari. Kisha:

1. Tafuta jino fupi kuliko yote na ulitie alama kwa kalamu. Hilo ndilo kiongozi. Mengine yote yatafupishwa yafikie urefu wake.
2. Laza tupa kwenye kona ya jino, ikiwa imelala sawa na ardhi, kwa pembe ya nyuzi 30. Meno mengi yana mstari mdogo mgongoni unaokuonyesha pembe hiyo. Karibu moja ya tano ya unene wa tupa ionekane juu ya jino.
3. Sukuma kutoka ndani kwenda nje, kwa mkandamizo uleule, mara tatu. Inua tupa unaporudi. Kuiburuta nyuma kunaiua na hakunoi chochote.
4. Maliza meno yote ya upande mmoja, ruka moja moja, ukisogeza mnyororo kwa mkono wenye glavu. Kisha geukia upande wa pili, kwa idadi ileile ya misukumo.

Utajua limenoleka kwa kutazama ukingo dhidi ya mwanga. Ukingo butu unarudisha mwanga, unaona kauzi keupe kembamba. Ukingo mkali hauonekani.

Mbele ya kila jino kuna nundu. Hiyo ndiyo inayoamua jino ling'ate kina gani, na ndiyo watu wanayoisahau. Jino likinolewa linashuka, nundu inabaki juu, hatimaye mnyororo mkali kabisa unateleza juu ya mti bila kukata. Kila baada ya kunoa mara tatu au nne, weka kipimo cha nundu juu ya meno na upunguze kinachochomoza kwa tupa bapa. Kwa minyororo mingi nundu iwe chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Usikadirie kwa jicho: ukiishusha kupita kiasi, jino litang'ata zaidi ya uwezo wa injini, na teke litakuja mara nyingi. Jino likibaki milimita 4, au likifika kwenye alama yake ya mwisho, mnyororo umemaliza safari.

Mimi hunoa kila ninapojaza petroli, misukumo miwili kwa jino. Haichukui muda wa kunywa chai. Anayengoja mpaka butu kabisa atanoa saa nzima na kula nusu ya jino kwa siku moja.

Vinavyoharibu makali ni vilevile kila mahali: udongo kwenye gogo lililoburutwa, msumari wa zamani kwenye mti wa uzio, na ardhi iliyo chini ya gogo. Geuza gogo kabla hujafika chini. Kwa walio na mivule mashambani, mti ule huweza kuficha jiwe ndani yake, chokaa iliyoganda kwenye mbao zenyewe. Utaona cheche, utadhani ni risasi.

Hatua ya 6: Usafi

Kila jioni: fungua kifuniko cha pembeni, toa matope ya oili na maranda kwa brashi. Safisha mfereji wa baa kwa kipande chembamba cha bati, zibua tundu la oili, kisha igeuze baa chini juu ili ilike pande zote sawa. Kingo za mfereji zikiota ukali wa kukata kidole, zilaze kwa tupa bapa. Chujio la hewa likung'ute. La aina ya kuoshwa lioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Ukipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje.

Kila wiki ya kazi nyingi, safisha mapezi ya silinda (yale mabapa ya nje ya kuipoza). Maranda yaliyochanganyika na oili huyaziba, injini inachemka, na mwenye mashine analaumu jua. Spoketi ibadilishe baada ya minyororo miwili.

Hatua ya 7: Kabureta na mwinuko

Hili halisemwi dukani. Njombe mjini tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta ya skrubu iliyosetiwa huku hupunguziwa petroli. Ukiichukua mashine hiyo ukampelekea shemeji Bagamoyo, hewa ya kule ni nzito, petroli inakuwa kidogo kwa hewa nyingi, na petroli ndiyo iliyobeba oili. Itachemka na kukwama kama iliyokunywa kavu. Isetiwe upya kabla ya kazi. Kinyume chake, iliyotoka pwani ikipanda huku inatoa moshi na kuwa nzito, jambo linaloudhi lakini haliui.

Skrubu ya kabureta yenye alama LA au T ni ya sailensa (mzunguko wa injini ukiwa hujavuta moto), hiyo unaweza kuigusa mwenyewe: ukiachia moto, mnyororo usizunguke. Ukizunguka, punguza. Ile ya H, ya petroli ya kasi kubwa, mwachie fundi mwenye kipimo cha mizunguko.

Ikigoma kuwaka, na ikienda kulala

Fungua plagi kwanza. Ikiwa imelowa, umeizidishia petroli: ifute, vuta kamba mara tano au sita bila plagi ili silinda ikauke, rudisha, washa bila choki. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Tumia waya wenye ndoano kuchomoa kichungi kilichomo ndani ya tanki na uangalie kama mpira wake umepasuka. Ikiwa nyeusi tii, chujio la hewa limeziba au oili imezidi. Mwanya wa plagi ni milimita 0.5.

Kama hutaitumia zaidi ya mwezi, mwaga petroli yote, washa iungue iliyobaki kwenye kabureta hadi izime yenyewe, legeza mnyororo, ivishe ala ya baa, itundike mbali na jiko na mbali na watoto.

Novemba, kabla ya mvua, ishushe. Mchanganyiko mpya, plagi safi, kata gogo moja la majaribio. Kama inahitaji spea, nenda wiki hiyohiyo, kwa sababu mlingoti wa kwanza ukishaanguka, utawakuta majirani wote kwenye foleni ya fundi.